Aliyeangushwa na Bunduki Yake

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Machakos, babu yangu aliitwa Teke. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata usiku mmoja mwaka 1974, alipokuwa mlinzi wa ng'ombe katika ranchi moja kwenye nyanda za Kapiti, na likamfuata sokoni, kanisani na kwenye matanga. Shuleni baba yangu alikuwa mtoto wa Teke. Mimi nikawa mjukuu wa Teke bila kuulizwa.

Stori yenyewe ni fupi. Fisi waliingia zizini usiku. Babu akaamka, akashika bunduki ya marisau aliyopewa na mwajiri, akaelekeza gizani, akafyatua. Fisi hakuguswa hata unywele. Aliyeanguka ni babu. Walimkuta chali, bunduki huku, kofia kule, na ndama mmoja ameenda. Mwisho wa mwezi akakatwa bei ya ndama kwenye mshahara, kisha akafutwa kazi.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa pesa. Wakati huo kijiji kilikuwa na wazee waliotoka vitani, wanaume wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944 na kurudi na makoti makubwa na stori ndefu. Jumamosi walikaa chini ya mti karibu na steji, na kila babu alipopita mmoja angesema: sisi tulipiga bunduki mpaka mto Chindwin, na hakuna siku hata moja iliyotuangusha. Kisha wote wanacheka. Ukiwa mwanamume wa Kikamba, mtu wa kabila ambalo Waingereza walilisifu kuwa la askari na wawindaji, kuangushwa na bunduki yako mwenyewe ni aibu isiyo na dawa.

Mimi niliamini stori hiyo hivyo hivyo mpaka nilipofika miaka ishirini na mbili. Mwaka 2021 niliacha chuo. Karo ilikuwa imeisha, na kusema ukweli, hata hamu ilikuwa imeisha kabla ya karo. Nikarudi nyumbani na begi moja, na kwa kuwa sikutaka kukaa mahali ambapo baba angeniangalia, nikahamia kwa babu. Jioni ya kwanza susu alitupakulia muthokoi, babu akala kimya, kisha akaniuliza, "Sasa wewe, ni nini kilikuangusha?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilimuuliza swali lake hilo hilo, na ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote katika ukoo wetu alimwuliza babu bunduki ile ilikuwa ya aina gani.

Akanieleza kwa mikono. Ilikuwa na mtutu mmoja, ya kukunjuka katikati. Ilikuwa nyepesi sana, ungeibeba kwa mkono mmoja siku nzima. Kitako chake kilikuwa kirefu, kimechongwa kwa mtu mrefu, na babu ni mfupi. Usiku ule alivaa koti zito la baridi. Risasi alizopewa zilikuwa nne tu, za marisau makubwa, zile kubwa kabisa dukani, kwa sababu mwajiri alisema fisi ni mnyama mgumu. Na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Aliambiwa: hapa unatia, hapa unafyatua.

Nilisoma fizikia chuoni mihula mitatu. Newton nilimjua kama maandishi ya ubaoni: kila msukumo una msukumo sawa unaorudi upande wa pili. Sikuwahi kufikiri kwamba sheria hiyo ilikuwa imekaa miaka arobaini na saba kwenye bega la babu yangu, bega ambalo hupanda juu lenyewe kila mlango ukijibamiza.

Hebu tuielewe kwanza. Risasi inapotoka mbele, bunduki inarudi nyuma. Watu wetu huita hilo teke. Ukali wake unategemea vitu vichache: uzito wa kinachotoka, kasi yake, baruti inayokisukuma, na uzito wa bunduki yenyewe. Marisau mengi yakitoka kwa kasi kwenye bunduki nzito, teke ni la wastani. Marisau mengi yakitoka kwenye bunduki nyepesi, kuna mtu ataumia, na mtu huyo hayuko upande wa mbele.

Kitu cha kwanza nilichogundua nilipoanza kusoma ni kwamba babu hakuwa peke yake. Wanaume wenye majina makubwa kabisa katika historia ya bunduki Afrika waliangushwa pia. Tofauti ni kwamba wao waliandika vitabu.

Chukua Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864 akiwa na mkewe Florence. Alikuwa na bunduki aliyotengenezewa London, iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani zaidi ya gramu 220. Waarabu aliosafiri nao waliipa jina la mtoto wa mzinga. Baker mwenyewe anaeleza kwamba ilipolia ilimzungusha kama bati la kuonyesha upepo, na kwa hiyo aliifyatua mara chache tu. Hakuna aliyemcheka. Malkia alimpa cheo cha heshima.

Au chukua Frederick Selous. Kati ya 1872 na 1874, huko kusini mwa Afrika, aliua ndovu 78 kwa bunduki za kushindilia za geji 4. Neno geji hapa linahesabika kirahisi: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, ile risasi ya kuyeyusha, na kuigawanya kuwa mipira minne inayotosha mtutu, hiyo ni geji 4. Ukiigawa kuwa kumi na miwili, ni geji 12, saizi ya bunduki ya babu. Kwa hiyo Selous alikuwa akirusha robo ratili kwa kila mlio. Siku moja bunduki ilikataa kulia, msaidizi wake akaishindilia tena juu ya baruti iliyokuwemo, na ilipolia ikamtupa Selous mbali na miguu yake. Miaka baadaye alikiri kwamba bunduki zile zilimharibia ujasiri wa kulenga, na kwamba alijuta kuwahi kuzigusa.

Selous aliuawa tarehe 4 Januari 1917 Beho Beho, katika Tanzania ya leo, akipigana na Wajerumani. Hifadhi kubwa kuliko karibu zote barani ikapewa jina lake, na sehemu yake ilibadilishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 tu. Unaona? Selous aliangushwa na bunduki, akapewa mbuga. Babu aliangushwa na bunduki, akapewa jina la utani.

Sasa, watu wa zamani walilipunguzaje teke? Kuna njia tatu kubwa, na kila moja ina historia yake hapa kwetu.

Njia ya kwanza ni kuongeza uzito wa bunduki. Hii ndiyo njia ya tajiri. Bunduki ya mitutu miwili ya kupigia ndovu, zile za .577 za mwanzo wa karne ya ishirini, ilikuwa na uzito wa karibu kilo sita. Uzito huo unameza teke vizuri. Lakini nani atatembea na kilo sita begani kuanzia asubuhi kwenye jua la Athi? Si mwenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kupanda gari moshi hadi kituo cha Kapiti, nyanda zile zile ambako babu angekuja kulinda ng'ombe. Alikaa Kitanga karibu na milima ya Mua, akawinda pia kwenye shamba la William Northrup McMillan upande wa Ol Donyo Sabuk. Ndiyo, McMillan yule wa maktaba ya Nairobi ambapo wengi wetu tumewahi kujifanya tunasoma. Roosevelt alikuwa na bunduki kadhaa, pamoja na ya marisau ya geji 12, na msafara wenye wapagazi zaidi ya 200. Kila bunduki nzito ilikuwa na mtu wa kuibeba, anayeipokeza kwa mwenyewe dakika ile ya kufyatua, kisha anaipokea tena.

Ukiangalia vizuri, teke halikupungua pale. Lilihamishwa tu. Badala ya kuumiza bega moja kwa sekunde moja, liligawanywa kuwa uchovu wa siku nzima kwenye bega la mtu mwingine. Picha za safari hizo zinamwonyesha mwindaji mbele, mguu juu ya mnyama. Anayebeba bunduki yuko pembeni, na mara nyingi jina lake halipo chini ya picha.

Na bunduki zenyewe ziligawanywa kwa ngazi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliobana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mikononi mwa Waafrika ziliachwa hasa magobori na magumegume, bunduki za zamani za kushindilia, ambazo mtu hujitilia baruti kwa kukisia. Ukizidisha kidogo, bega linalia, au mtutu unapasuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1889, kampuni ya IBEA ilikuwa imefungua kituo chake Machakos, mji uliochukua jina la Masaku. Kituo hicho kilikuwa kitovu cha utawala wa Waingereza bara mpaka makao yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Kwa hiyo sisi watu wa Machakos tuliiona mapema sana mipaka hiyo: bunduki nzuri iko ndani ya boma, mbovu iko nje. Bunduki ya ranchi mwaka 1974 ilikuwa bado inafuata desturi hiyo. Mwenye ranchi hampi mlinzi bunduki yake ya maana. Anampa ile nyepesi, ya bei ya chini, isiyomtosha.

Njia ya pili ni kupunguza kinachotoka mbele: chagua risasi ndogo. Hii inaonekana rahisi, lakini ilichukua muda mrefu kukubalika, kwa sababu wanaume wengi wanaamini kwamba mlio mkubwa ndio unaoua.

Aliyewaaibisha ni Mskoti, Walter Bell. Alifika Afrika Mashariki akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi ya kupiga simba wakati wa reli ya Uganda, kisha akaingia Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Wenzake walibeba mizinga. Yeye alipendelea .275 Rigby, bunduki nyembamba yenye risasi ya gramu 11 hivi. Linganisha na .577, ambayo risasi yake ina gramu zaidi ya 48. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, na wengi wao kwa bunduki hiyo ndogo. Siri yake haikuwa kwenye bunduki. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, akajifunza kuulenga hata akiwa nyuma ya mnyama. Na kwa kuwa bunduki haikumpiga, hakuiogopa, na kwa kuwa hakuiogopa, mkono ulitulia.

Simsifu. Ndovu elfu moja ni ndovu elfu moja, na meno yao yaliishia kuwa mipira ya biliadi na vibao vya piano. Na njia yake ikiigwa na mtu asiyejua anachofanya, inamwacha mnyama na jeraha na machungu ya siku nyingi. Ndiyo maana nchi kadhaa za Afrika baadaye ziliweka .375 kama kiwango cha chini kwa wanyama wakubwa. Kwetu Kenya mjadala huo uliisha mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama, ingawa bunduki za marisau ziliendelea kwa muda kuwapiga kwale na kanga.

Lakini kuna jambo linanikera katika sifa za Bell. Vitabu vinamweleza kana kwamba yeye ndiye aliyegundua kwamba maarifa yanaweza kuchukua nafasi ya nguvu. Wawindaji wa Kikamba na majirani zao Wawata wa upande wa Tsavo walikuwa wakiua ndovu kwa mshale tangu zamani. Mshale hauna hata uzito wa kumwangusha mbuzi. Kazi inafanywa na sumu ya mti ambao sisi tunauita kivai, uliochemshwa mpaka ukawa lami nyeusi. Ndani yake mna kemikali inayoitwa ouabain, ambayo inasimamisha moyo, na madaktari wa Ulaya walikuja kuitumia kwa vipimo vidogo kama dawa ya moyo. Unahitaji kujua mti, kujua namna ya kupika, kujua ngozi ni nyembamba wapi, na kujua kukaribia. Hakuna mlio. Hakuna teke.

Si kwamba upinde haudai kitu. Upinde wa Wawata ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, kazi ambayo mzungu wa kawaida hakuiweza. Tofauti ni wakati wa kulipa. Upinde unalipwa kabla: unavuta kwa misuli yako mwenyewe, na ukishindwa kuvuta, mshale hauendi popote. Bunduki inakukopesha nguvu usiyokuwa nayo, halafu inadai papo hapo. Mwaka 1956 na 1957, maaskari wa Hifadhi ya Tsavo waliwasaka wawindaji hao wa mishale hadi wakawamaliza nguvu, wengi wakafungwa. Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa na upinde. Ulichomwa jikoni usiku mmoja, na babu hakuwahi kufundishwa kuuvuta. Kitu cha kwanza cha kurusha alichowahi kushika mtu mzima ni ile bunduki ya ranchi.

Njia ya tatu ya kupunguza teke haihitaji pesa wala sumu. Ni mwili wako. Hapa ndipo stori ya wazee wa Burma inapobadilika.

Bunduki ya KAR vitani ilikuwa Lee-Enfield .303. Wale wazee hawakudanganya waliposema haikuwaangusha. Lakini angalia walipewa nini. Kwanza, ilikuwa na uzito wa kilo nne. Pili, risasi yake ilikuwa na gramu 11 hivi. Tatu, jeshi lilikuwa limetengeneza vitako vya urefu tofauti, vikapigwa chapa za herufi: S kwa kifupi, L kwa kirefu, na B kwa askari mfupi zaidi. Yaani jeshi la Uingereza, pamoja na ubaya wake wote, lilijua kwamba bunduki lazima imtoshe mtu kama kiatu. Nne, walifundishwa kwa majuma mengi kabla ya kupewa risasi ya kweli.

Wanachofundishwa ni hiki, na bado ndicho kinachofundishwa leo katika viwanja vya shabaha. Mguu wa mbele unatangulia, goti limelegea kidogo, kifua kinainama mbele kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Kitako kinavutwa ndani ya lile shimo lililo kati ya bega na kifua. Hakikai juu ya mfupa, wala kwenye mkono. Shavu linalala juu ya mti wa bunduki, lisiachwe hewani, maana shavu lililo hewani litapigwa kofi. Kitako kikiachwa nyuma ya bega hata kwa upana wa kidole, bunduki inapata nafasi ya kukimbia kabla ya kukugonga, na hapo inakugonga kama nyundo. Ikiwa imebanwa, wewe na bunduki mnarudi pamoja, na mwili mzima unakuwa sehemu ya uzito wake. Teke ni lile lile kwa hesabu, ila limesambazwa kwenye eneo kubwa na muda mrefu kidogo. Ndiyo kazi ya raba inayowekwa nyuma ya kitako pia.

Na kuna ugonjwa ambao walimu wa shabaha wanauogopa kuliko teke lenyewe: kujikunja kabla ya mlio. Mtu aliyeumizwa mara moja, mwili wake unakumbuka. Kidole kinapogusa kifyatulio, jicho linafumba, bega linaruka, mtutu unashuka, na risasi inaingia mchangani. Namna ya kuugundua ni kuchanganya risasi ya bandia kati ya risasi za kweli bila mpigaji kujua. Ikifika ile ya bandia hakuna mlio, lakini utamwona anaruka vilevile. Dawa yake ni kurudi kwenye risasi nyepesi kabisa na kuanza upya, mpaka mwili uamini tena. Wapigaji wa marisau wa Olimpiki wanatumia gramu 24 tu za risasi, na wanavunja visahani vinavyoruka kwa kasi ambayo fisi hawezi kuiota.

Sasa rudi kwa babu. Bunduki nyepesi. Kitako kirefu, juu ya koti zito, kwa hiyo hakikufika kwenye shimo la bega: kilikaa kwenye mkono wa juu. Amesimama wima, ameamka usingizini, hajawahi kuonyeshwa pa kuweka mguu. Na risasi nzito kuliko zote dukani.

Nilifanya hesabu kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la fizikia, zile zilizobaki tupu. Nilikadiria bunduki ya mtutu mmoja ya aina ile kuwa kilo mbili na nusu, na risasi nzito kuwa gramu 36 za marisau kwa mita 400 kwa sekunde. Ukiacha baruti yenyewe, bunduki inarudi na nishati ya juli 41. Ukimpa mtu yule yule, bunduki ile ile, risasi ya gramu 28, inashuka hadi 25. Ukimpa ya gramu 24, ni 18. Yaani kwa kubadilisha kikasha cha risasi tu dukani, bila kugusa kitu kingine, teke lingepungua kwa zaidi ya nusu. Na marisau mepesi yangetosha kabisa kwa kazi iliyotakiwa usiku ule, maana mlio peke yake humkimbiza fisi.

Kisha nikafanya ya Lee-Enfield, kwa njia ile ile. Juli 9.

Niliirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Tisa dhidi ya arobaini na moja. Hata ukiongeza baruti kwenye hesabu zote mbili, bunduki ya wazee wale ilipiga kama theluthi tu ya ile iliyompiga babu. Walikuwa wamesimama chini ya mti karibu miaka thelathini wakimcheka mtu aliyepigwa na kitu ambacho wao hawakuwahi kukutana nacho, tena bila mafunzo waliyopewa wao bure.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Wao pia walikuwa na madai yao. Walirudi kutoka Burma na ahadi ambazo nyingi hazikutimizwa, na bunduki ilikuwa karibu kitu pekee walichoweza kujivunia. Babu aliniambia kwamba mmoja wao, miaka mingi baadaye, alimvuta pembeni nyuma ya duka la mafuta ya taa na kumwambia kwa sauti ndogo, "Ile yako haikuwa imekutosha. Sisi walitupima." Hakuyasema hayo mbele ya wenzake. Akarudi chini ya mti na kicheko kikaendelea.

Nilimpelekea babu daftari jioni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba nje ya nyumba, redio iko mapajani. Nikamwonyesha: hii ni yako, hii ni yao. Babu hasomi sana lakini tarakimu anazijua, alipimiwa mishahara nazo maisha yake yote. Aliweka kidole juu ya 41, akakiacha hapo muda mrefu.

"Kwa hivyo ilikuwa inapiga kama zao nne."

"Karibu hivyo, Babu."

"Na hawakujua."

"Hawakujua."

Akatazama upande wa steji, ambako mti ulishakatwa wakapanua barabara, na wazee wote walishazikwa. Mwajiri hayupo pia, ranchi yenyewe iliuzwa vipande vipande. Nilidhani angekasirika kwamba hesabu imefika wakati hakuna wa kuonyeshwa. Badala yake aliniuliza askari walikuwa wanasimamaje.

Nikamwambia. Akashika fimbo yake, akainuka taratibu. Mguu wa kushoto mbele. Goti likalegea. Akavuta kichwa cha fimbo begani, mahali ambapo mkono bado una alama ya zamani, akasita, akakisogeza ndani zaidi, kwenye shimo.

"Hivi?"

Nikamsukuma mgongo kidogo ainame mbele, nikamshusha kiwiko. Shavu lake likalala kwenye fimbo. Alikuwa akielekeza kwenye ua wa mbuzi.

"Hivyo, Babu. Hivyo hivyo."